Mtihani wa Daktari Tekle Mezani kwa Mzee Karlo

Mimi ni Domenti, mwana wa Ilarioni, mwana wa Besarioni, mwana wa Simoni, wa ukoo wa Bakuradze, kutoka kijiji kilicho vilimani juu ya mji wa Kutaisi. Simoni alijenga kwa mikono yake ukuta wa kanisa letu, na pale ulipoinama uliinama baada ya kufa kwake, si kabla. Besarioni aliongoza meza za arusi mia tatu na kumi, katika nchi ambayo mtu hainui glasi ya divai mpaka mkuu wa meza aitolee tamko, na hakuna hata arusi moja ambako alirudishwa nyumbani kwa kubebwa. Ilarioni, baba yangu, alikuwa mpima ardhi, na mipaka aliyoiweka haijagombewa na mtu yeyote isipokuwa wajinga. Mimi mwenyewe nilifundisha hesabu kwa miaka arobaini na mmoja, wala sikumpa mwanafunzi alama asiyoistahili. Mwanangu wa pekee nilimrudisha darasa la saba mara mbili, naye hadi leo hunishukuru, ingawa si kwa maneno.

Mwana huyo ndiye baba yake Tekle, mjukuu wangu wa kike. Nayataja haya ili msomaji ajue ni watu wa namna gani waliomzaa Daktari Tekle, kwa sababu siku ninayoisimulia ilihitaji mtu wa asili hiyo.

Tekle alisoma udaktari miaka sita huko Tbilisi, mji mkuu, kisha akachagua ubingwa ambao kijijini hatukuwa na jina lake: tiba ya akili ya wazee. Majirani waliponiuliza ni elimu gani hiyo, niliwajibu kwamba ni elimu ya kumtofautisha mzee aliyepotewa na akili na mzee aliyechoshwa na watu. Tekle aliposikia maelezo hayo alisema kwamba profesa wake alitumia mihula minne kulieleza jambo hilohilo.

Kwa miaka mitatu alizunguka wodini akifundishwa kuketi usawa wa macho ya mzee, kutomkatiza, kutomsemea, na kutompazia sauti kabla ya kuhakikisha kwamba ni kiziwi. Alifundishwa pia kutopokea chakula wala kinywaji kutoka kwa mgonjwa. Kanuni hiyo, kwa maoni yangu, iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kualikwa popote.

Ukabaki mtihani wa mwisho, ambao hufanyika nyumbani kwa mzee, kwa muda wa saa moja, mbele ya mtahini. Daktari humhoji mzee, humpima kumbukumbu kwa maswali ya alama thelathini, huwasikiliza ndugu na jirani, kisha hutamka mzee ana nini na afanyiwe nini. Mtahini hutoa alama na kutia saini kabla hajatoka katika nyumba hiyo. Akitoka bila kutia saini, mtihani umebatilika na daktari hurudia mwaka mzima. Nafasi ya kazi katika kliniki ya Kutaisi ilikuwa ikimngoja Tekle hadi mwisho wa mwezi ule wa Oktoba. Kama angerudia mwaka, nafasi ingechukuliwa na mwingine, naye angebaki Tbilisi, saa nne kwa gari kutoka mlangoni pangu. Kwa hiyo siku ile ilikuwa ya kumleta mjukuu wangu nyumbani au kumpoteza.

Mzee aliyeangukiwa na kura alikuwa jirani yangu Karlo, mwenye umri wa miaka themanini na minne, mjane tangu majira ya baridi yaliyopita. Aliyemshtaki ni mke wa mwanawe, Zhuzhuna, mwanamke mchapakazi aliyeandikia hospitali kurasa tatu. Alisema kwamba baba mkwe anasahau dawa, anasahau kwamba amekatazwa chumvi, anaficha miwani yake katika chungu cha jibini, na anakaa siku nzima akitazama meza tupu. Fomu ya hospitali, iliyotafsiriwa kutoka nchi za mbali, ilimuuliza pia kama mzee huwaita jamaa zake kwa majina yasiyo yao. Zhuzhuna, kwa uaminifu, alijibu kwamba mzee humwita mjukuu wake wa miaka sita "babu". Katika nchi yetu kila babu humwita mjukuu wake hivyo kwa mapenzi. Mimi humwita Tekle "babu", naye huniita "babu", na hakuna kati yetu aliyewahi kujisahau.

Kanuni zilitaka pia shahidi asiye wa nyumba ile, aliyemjua mzee kwa miaka isiyopungua kumi. Mimi nimemjua Karlo kwa miaka sabini na sita. Mtahini aliarifiwa kwamba shahidi ni babu yake mtahiniwa, akauliza kama hakuna mtu mwingine wa rika hilo. Akajibiwa kwamba wapo wanane, wote makaburini. Basi akanikubali kwa sharti kwamba niketi pembeni na nisifungue kinywa mpaka niulizwe. Nilimpa ahadi yangu.

Mtahini alifika Jumamosi saa sita mchana, mavuno ya zabibu yakiwa yamekwisha. Jina lake ni Profesa Eliso, mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe zilizokatwa sawasawa kama kwa rula, na nilimheshimu papo hapo. Aliivua saa yake ya mkononi, akaiweka juu ya meza, akafungua kalamu. Zhuzhuna alikuwa ametii maagizo ya hospitali, kwa hiyo mezani hapakuwa na kitu isipokuwa kitambaa cheupe. Karlo alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa koti la sikukuu.

Tekle aliketi usawa wa macho yake, akamwamkia kwa adabu, akamuuliza leo ni siku gani. Karlo aliitazama meza, akamtazama profesa, akanitazama mimi, kisha akageukia dirisha. Tekle akamuuliza ni majira gani ya mwaka. Kimya. Akamuuliza tuko katika kijiji gani. Kimya. Nikasikia kalamu ya profesa ikizunguka mara tatu juu ya karatasi. Naijua sauti ya sifuri inapoandikwa, maana niliitoa mwenyewe kwa miaka arobaini na mmoja.

Hatimaye Karlo aliita kuelekea jikoni.

"Zhuzhuna, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, baba."

"Basi mbona wageni wamekaa na meza iko uchi? Hata msibani watu huwekewa maharage."

Tekle alimweleza kwa upole kwamba wao si wageni siku hiyo, ni mtihani. Karlo alimjibu kwamba mjukuu wa Domenti akiingia nyumbani kwake ni mgeni, na kama si mgeni basi aseme ni nani, mtoza ushuru au mwizi. Akaongeza kwamba tangu nyumba ile ijengwe hakuna mtu aliyeulizwa neno ndani yake akiwa hajala, na yeye hataanza. Dakika kumi zilikuwa zimekwisha. Tekle alinitazama. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi, nilitazama dari.

Hapo mjukuu wangu alifanya jambo la ujasiri. Alimgeukia profesa, akamkumbusha kwamba mwaka wa pili walifundishwa kumpima mzee katika hali ambayo yeye ni yeye kuliko hali nyingine yoyote. Akaomba meza iandaliwe. Profesa alijibu kwamba mtahini haruhusu wala hakatazi, kazi yake ni kuandika tu.

"Basi andika, Profesa," alisema Tekle, "kwamba nimeomba meza."

Zhuzhuna alikuwa amepika tangu alfajiri na kuvificha vyote nyuma ya mlango, kwa sababu kutii hospitali ni jambo moja na kuaibika ni jingine. Dakika nne hazikupita kabla ya kutandaza mkate wa jibini, maharage yaliyopondwa na jozi, kuku baridi katika mchuzi mzito, mikate ya mahindi, na jagi la divai ya mwaka uliotangulia, iliyochotwa kutoka mtungi uliozikwa ardhini. Karlo alisimama. Tangu mkewe Maro afariki sikuwa nimemwona amenyooka vile. Alitangaza kwamba yeye ndiye mkuu wa meza, kwamba hakuna atakayekunywa kabla ya tamko, na kwamba hakuna atakayeirudisha glasi chini ikiwa na kitu, isipokuwa Tekle, kwa kuwa ana kalamu mkononi. Profesa alisema kwamba yeye atagusisha midomo tu. Karlo alimjibu kwamba wagonjwa wameruhusiwa kufanya hivyo, akamuuliza kwa huruma anaumwa nini. Profesa akasema haumwi kitu.

Tamko la kwanza lilikuwa la amani. Ndani yake Karlo alitaja, bila kuulizwa, kwamba leo ni Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Oktoba, siku ya kumi na moja tangu zabibu ya mwisho ikatwe, katika kijiji chetu, katika nyumba iliyojengwa na baba yake, ghorofa ya chini. Tekle aliandika kwa kasi, na zile sifuri tatu zikafutwa.

Kisha likaja jambo ambalo wataalamu hulitegemea sana. Mzee hutajiwa vitu vitatu, na baada ya muda huulizwa tena kama anavikumbuka.

"Mzee Karlo," alisema Tekle, "naomba uvitolee tamko vitu vitatu: tufaha, ufunguo na farasi. Baadaye nitakuuliza ni vipi."

Karlo alisema kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuombwa jambo la busara kama hilo na mtu wa serikali. Akainua glasi kwa ajili ya tufaha. Alisimulia jinsi Maro, akiwa msichana, alivyomrushia tufaha kutoka juu ya ukuta, likamkosa na kumpiga kasisi, na jinsi kasisi alivyowaoza mwaka uleule ili apate kupita njia ile kwa usalama. Akanywa. Nami nikanywa, maana shahidi hakatazwi. Kisha, kwa desturi yetu, Karlo akalipitisha tamko kwa mgeni wa heshima. Aliyepitishiwa hana budi kuongeza maneno yake na kuimaliza glasi.

Profesa alisema yeye ni mtahini.

"Unatoka wapi, mama?" Karlo aliuliza.

"Kakheti."

"Aa," alisema Karlo, akamsogezea mkate kama anavyosogezewa mtu aliyetoka hospitalini. "Divai ya kwenu nzuri sana. Nilipokuwa jeshini tuliisafishia bunduki."

Profesa Eliso aliweka kalamu chini. Hapo ndipo kosa lilipotendeka, na ni kosa la watu wa kwetu peke yao. Daktari wa Kijerumani angeandika kwamba mgonjwa anatania, akaendelea na swali la nne. Lakini mtu wa Kakheti, mkoa unaojivunia divai yake kuliko yote, kuambiwa hivyo na mtu wa Imereti, mkoa wetu, mezani, mbele ya mashahidi, ni jambo lisiloweza kuachwa likae. Alisimama. Alizungumza juu ya tufaha kwa dakika saba. Alianza na bustani ya baba yake, akapanda hadi Adamu, akashuka hadi tufaha la mwisho ambalo mama yake mzazi alilimenya akiwa kitandani, akalikata vipande vinne na kusema kwamba yeye ameshiba. Zhuzhuna alilia ndani ya aproni. Profesa akaimaliza glasi, akaipindua, na halikudondoka tone.

"Mh," alisema Karlo. "Kumbe."

Tamko la ufunguo lilikuwa kali zaidi. Karlo aliwatakia heri wote walio na ufunguo na bado huacha mlango wazi, akimtupia jicho Zhuzhuna, ambaye huifungia kwa ufunguo njia ya kwenda kwenye mitungi. Profesa alijibu bila kupitishiwa. Tamko la farasi lilimhusu farasi wa babu yake Karlo, aliyemrudisha bwana wake kutoka arusini akiwa amelala kwenye mkokoteni, akasimama njiani kumsubiri kila aliyetaka kumwamkia. Profesa alijibu kwa mkono kifuani, akamlilia farasi wake mwenyewe wa utotoni, na baadaye kidogo ikadhihirika kwamba hakuwahi kuwa na farasi.

Katikati ya hayo yote Tekle aliendelea na kazi, na hakuna swali aliloliruka. Alimtaka Karlo atoe saba kutoka mia, kisha atoe saba tena, na kuendelea hivyo mara tano. Karlo alikataa. Alisema kwamba mezani mtu hapunguzi, anaongeza, na kupunguza mbele ya wageni ni kuwaonyesha mlango. Akahesabu mia na saba, mia na kumi na nne, mia na ishirini na moja, mia na ishirini na nane, mia na thelathini na tano. Tekle aliniuliza kama mwalimu. Nilithibitisha kwamba hesabu ni sahihi. Akaandika, "Hesabu sahihi, mwelekeo kinyume," akampa alama nne kati ya tano.

Kisha alinihoji kama shahidi. Nilisema kweli tupu: kwamba Karlo anakumbuka kila mchezo wa dadu alionishinda tangu tukiwa vijana, na hata mmoja ambao hakunishinda. Anasahau dawa, chumvi na marufuku ya divai, yaani anakumbuka kila kitu isipokuwa alichokatazwa. Kuhusu miwani, Karlo alikiri mwenyewe. Huificha katika chungu cha jibini kwa sababu akiivaa analazimishwa kusoma karatasi ya dawa. Na ile meza tupu anayoitazama siku nzima, alipoulizwa, alijibu kwamba hapo ndipo watu walipokuwa wakikaa.

Saa ilipokaribia kwisha, Tekle aliuliza ni vitu gani vitatu. Karlo alivitaja kwa mpangilio, akaeleza ni nani alilia katika kipi na aliacha nini sahanini. Ishirini na tisa kati ya thelathini. Tekle akasimama, akatamka uamuzi wake mbele yetu sote.

"Mzee Karlo hana ugonjwa wa kusahau. Ana upweke, na ana ukaidi. Ukaidi sina dawa yake. Upweke dawa yake ni hii hapa: meza hii iandaliwe mara moja kila wiki, jirani waitwe, glasi ziwe ndogo na chumvi kidogo, na dawa ameze yeye mwenyewe kabla ya tamko la kwanza. Nitarudi baada ya mwezi kumpima tena."

Sijui kama niliwahi kusikia maneno yaliyopangwa vizuri kuliko hayo. Profesa Eliso pia aliyasikia, kwa sababu alisema kwamba ni maneno matakatifu. Akaichukua kalamu, akainama, akaandika kwa herufi kubwa: mia na ishirini kati ya mia. Akaeleza kwamba zile ishirini ni za farasi. Kisha akatia saini yake, ndefu na yenye mikia miwili, yote juu ya kitambaa cha meza.

Zhuzhuna alijiwekea ishara ya msalaba. Karlo alikuwa tayari akimimina. Tekle, aliyeona kazi yake ya Kutaisi imeandikwa karibu na sahani ya kuku, alivuta fomu halisi taratibu na kuisogeza mbele ya profesa, pale penye mstari. Nami nikafungua kinywa changu. Ndiyo, nilivunja ahadi, na sijuti. Ahadi ya kunyamaza haimfungi mtu anayeona mia na ishirini kati ya mia.

"Profesa," nilisema, "alama hiyo siikubali."

"Babu," alisema Tekle, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alinipiga teke chini ya meza.

"Domenti, kaa chini," alisema Karlo. "Mtoto kashinda, na wewe unamwangusha? Babu gani wewe?"

Nilimjibu kwamba mtihani unaosahihishwa na mkono usioweza kuuona mstari si mtihani, ni bahati nasibu, na kwamba mjukuu wangu hakusoma miaka tisa ili ashinde bahati nasibu. Profesa Eliso alinitazama kwa jicho moja, kwa kuwa lile jingine lilikuwa na mambo yake, akajivuta akakaa wima.

"Mzee kasema kweli," alisema. "Mtahini akitiliwa shaka akili, lazima apimwe. Humu ndani nani amefundishwa kupima? Daktari Tekle, nipime."

"Nikupime wewe, Profesa?"

"Fomu unazo. Anza."

Msomaji auone mtego aliotegewa binti yule. Akiandika kwamba profesa ni timamu, fomu itatiwa saini na kazi ni yake. Akiandika kwamba si timamu, hakuna saini, gari la hospitali linangoja nje, na mwaka mzima umeteketea. Tena aliyepimwa ndiye atakayeisoma karatasi hiyo akiamka. Tekle alinikazia macho, na macho yale hayakuwa na heshima niliyoizoea. Kisha akavuta kiti, akaketi usawa wa macho ya profesa wake, akaanza bila kupaza sauti.

Siku, profesa aliijua. Mji aliutaja kuwa ni Telavi, ulio kwao Kakheti, upande wa pili wa nchi. Vitu vitatu alivitaja kuwa ni farasi, farasi yule mwingine, na mama yake farasi. Katika kutoa saba alifika tisini na tatu kwa ushupavu, kisha akasema kwamba anaafikiana na Mzee Karlo. Alipoambiwa achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi, alichora duara zuri sana, akatia ndani yake macho mawili, akauliza inafanana na nani. Karlo alisema inafanana na Domenti.

Tekle alijumlisha. Nilimwona akijumlisha mara mbili, nami kutoka nilipokaa nilijumlisha mara moja, ikatosha. Akaandika, akasoma kwa sauti, kama kanuni inavyoagiza:

"Alama kumi na nne kati ya thelathini. Kwa sasa hafai kusahihisha mtihani. Chanzo ni divai, na matumaini ya kupona ni makubwa. Apewe maji, alale, apimwe tena baada ya saa tatu. Mpaka hapo asiruhusiwe kutoka katika nyumba hii."

Aliposoma sentensi ya mwisho hakumtazama mtu. Kama aliiandika kwa sababu ya udaktari tu au kwa sababu nyingine pia, sikumuuliza, na mtu muungwana hawezi kuuliza. Alikwenda mlangoni akamwambia dereva wa hospitali aingie ale, naye hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Profesa alilazwa kwenye kochi, chini ya blanketi. Saa tatu zile zilikuwa ndefu. Tekle aliosha vyombo pamoja na Zhuzhuna na hakunisemesha, isipokuwa mara moja, alipopita na sahani akasema kwamba mwanangu alikuwa na haki ya kuchukia darasa la saba. Karlo aliniambia kwamba nikimharibia mtoto maisha yake hataniruhusu tena kucheza naye dadu. Nilikaa, nikashika fimbo yangu, wala sikubadili msimamo, ingawa nakiri kwamba nilijumlisha upya alama za profesa mara kadhaa, nikitafuta kosa.

Jua lilikuwa bado juu ya mizabibu profesa alipoamka. Aliomba maji na kitana. Tekle akampima tena: thelathini kati ya thelathini, na saa aliyoichora ilikuwa na mpaka mshale wa sekunde. Kisha profesa akasoma karatasi zote, moja baada ya nyingine, ikiwamo ile yake mwenyewe. Aliisoma hiyo mara mbili.

"Kumi na nne hii nani kaiandika?"

"Mimi, Profesa."

"Ulijua nikiamka na hasira utarudia mwaka?"

"Nilijua."

"Ukaandika tu."

"Ndizo ulizopata, Profesa."

Profesa Eliso akaisogeza karatasi karibu na macho, akaweka kidole juu ya ile saa yenye macho.

"Na hii mbona umeipa alama moja?"

"Duara lilikuwa zuri," alisema Tekle kwa sauti ndogo.

"Binti yangu, saa haina pua wala macho. Hii ni sifuri. Umenionea huruma, na daktari akimwonea huruma mgonjwa kwenye karatasi amemdanganya yeye na waliomleta."

Akaiondoa ile moja, zikabaki kumi na tatu, nami moyoni nikampa mkono. Kisha akachukua fomu ya Tekle. Alipunguza alama tatu kwa kuandaa meza kinyume cha kanuni, akisema kwamba anazipunguza kwa masikitiko, na moja kwa ajili ya lile duara. Akaandika tisini na sita kati ya mia, kwenye mstari, akatia saini, akaivaa saa yake. Mlangoni alimwambia Karlo kwamba mwakani, mavuno yakiisha, aende Kakheti akajue maana ya divai. Karlo alimjibu kwamba atakwenda, na atakwenda na bunduki yake, maana imeanza kushika kutu.

Tekle alinipita uani bila neno, akafika langoni, akarudi. Akanibusu paji la uso, akasema kwamba mimi ni mtu mgumu kuishi naye na kwamba Jumatatu anahamia kwangu.

Kwa hiyo, nyinyi vijana mnaojifunza kazi yoyote ile ya kuwapima watu, sikilizeni, na msisikilize kwa sikio moja huku jingine mmeliegemeza kwenye simu. Andikeni alama iliyopatikana, si alama inayopendeza, hata kama anayepimwa ndiye aliyeshika kesho yenu mkononi. Mzee akikaa kimya mbele yenu, msikimbilie kumwandikia sifuri, muulizeni kwanza ni nani aliyekuwa akiketi mezani pake. Haya nawataka myazingatie, na mkishayazingatia, mje mnisomee.